Kabla ya Kusema "Apelekwe Mirembe"

Msikilizaji, mtu jana alikuwa dukani kwake akiuza kama kawaida. Leo anaropoka, anatokwa jasho, anawasukuma wanaomshika. Majirani hawakawii: karogwa huyo, apelekwe Mirembe! Mimi nasema, kwanza muulizeni mkewe kama ana kisukari. Aliyejichoma insulini kisha asile, sukari yake ikashuka chini ya milimoli 3 kwa lita, hufanya vituko hivyo hivyo. Tone la damu ya kidole latosha kupima. Akiweza kumeza, mpeni soda au maji ya sukari. Asipoweza, msimtie kitu kinywani, mkimbizeni hospitali. Malaria iliyopanda kichwani nayo huanza hivi, na pigo la kichwa pia.

Kinachopaswa kututia wasiwasi ni ule ughafla, homa, kutojua yuko wapi wala leo siku gani, mara azinduke mara apotee. Maradhi mengi ya akili hujijenga kwa wiki na miezi, na mgonjwa aweza kusikia sauti huku mtaa wake anaujua barabara. Huyo naye ni wa daktari, si wa kamba. Na kamba hizo nimeziona mno kwenye milango ya hospitali! Aliyelazwa kifudifudi, watu wakamkalia mgongoni, aweza kukata pumzi kabla daktari hajamfikia.