KUINUA LAND ROVER INCHI MBILI

Mvua za masika zinapoanza mwezi wa Machi, njia nyingi za mashambani katika Kenya hugeuka kuwa mifereji. Katika nchi ya udongo mweusi, kama vile nyanda za Athi na sehemu za Laikipia na Mwea, magurudumu ya malori hukata makorongo mawili marefu, na katikati yake hubaki tuta la udongo. Motokaa ndogo hulalia tuta hilo kwa tumbo, na magurudumu yake huzunguka bure. Gari lililo juu hupita, au angalau huenda mbali zaidi kabla ya kukwama. Kwa sababu hiyo wenye Land Rover wengi hutamani kuinua magari yao, na hawakosi fundi wa kuwaambia kwamba kazi hiyo ni ya asubuhi moja tu.

Kwa fundi aliyezoea, huenda kufungua na kufunga kukamalizika siku moja kweli. Lakini gari linalozungumzwa hapa si la mashindano. Ni lile ambalo Jumatatu huwapeleka watoto shule na karani ofisini, Jumanne hubeba mikebe ya maziwa, na Jumamosi huenda sokoni na magunia ya viazi. Gari la namna hii likiinuliwa vibaya, ubaya wake hauonekani matopeni, ambako mwendo ni wa kutambaa. Huonekana kwenye lami, kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, jamaa nzima ikiwa ndani.

Magari yenyewe

Land Rover ya kwanza ilionyeshwa kwa watu mjini Amsterdam, Uholanzi, mwezi wa Aprili 1948. Zile za zamani zilikuwa na springi za mapande marefu ya chuma yaliyofungwa pamoja, moja juu ya jingine, kama za mkokoteni. Mwaka 1983 ilitoka Land Rover iliyoitwa One Ten, yenye springi za koili, yaani chuma kilichozungushwa mfano wa nyoka aliyejiviringa, kama zilivyokuwa katika Range Rover tangu 1970. Ndogo yake, Ninety, ilifuata mwaka 1984. Mwaka 1990 magari hayo yalipewa jina la Defender, na la mwisho la ukoo huo lilitoka katika kiwanda cha Solihull, Uingereza, tarehe 29 Januari 2016. Maelezo yafuatayo ni juu ya magari hayo yenye koili mbele na nyuma. Yale ya mapande yana taratibu yake mbali.

Umri wa magari haya ni jambo la kuangaliwa kabla ya yote. Springi iliyobeba mizigo miaka ishirini huchoka na kushuka, na mwenye gari, kwa kuwa amelitazama kila siku, hatambui. Basi asinunue kitu chochote kabla ya kupima. Gari liwekwe mahali tambarare bila mzigo, kisha ipimwe nafasi kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa bodi ulio juu yake, pembe zote nne, na hesabu iandikwe. Kipimo cha namna hiyo hakidanganywi na tairi iliyopungua upepo. Upande mmoja ukiwa chini kuliko mwingine, au nyuma ikiwa chini kuliko mbele gari likiwa tupu, huenda dawa ni springi mpya za kimo cha kawaida, na hamu ya kuinua gari ikaisha hapo hapo kwa gharama ndogo.

Kinachoinuka na kisichoinuka

Watu wengi hudhani kwamba springi ndefu huinua gari zima. Sivyo. Ekseli imekalia magurudumu, na springi imekalia ekseli. Springi ikirefushwa sentimita 5, ambazo ni kama inchi mbili, kinachopanda ni chesisi, bodi, bampa na vidato vya kupandia. Ekseli yenyewe, pamoja na lile tumbo la difu ambalo ndilo hukwaruza tuta kwanza, hubaki pale pale lilipokuwa.

Difu huinuliwa na tairi peke yake. Nyingi za Land Rover hizi hutumia tairi ya 235/85R16, ambayo kimo chake ni karibu sentimita 80.6. Mtu akiweka 255/85R16, yenye kimo cha sentimita 84, tofauti ni sentimita 3.4, na kwa kuwa ekseli iko katikati ya gurudumu, difu hupanda nusu yake tu: sentimita 1.7. Hesabu hii huwavunja moyo wengi, lakini ndiyo kweli. Tena kipimo cha mwendo hudanganya: kinapoonyesha 80, gari huenda zaidi ya 83.

Hata hivyo faida ya springi ndefu ipo. Gari hupanda ukingo wa mto bila kugonga bampa, chesisi hupita juu ya mawe, na gurudumu hupata nafasi ya kuzama na kupanda lisipate kusugua bodi. Kwa mkulima ambaye njia yake huvuka vijito viwili hadi kufika barabara kuu, hiyo si faida ndogo. Ni lazima tu ajue ananunua kitu gani.

Kuchagua springi

Springi huuzwa kwa uzito zinaoweza kubeba, na hapa ndipo wenye magari hukosea kwa kutaka makubwa. Springi nzito hufaa gari linalobeba mzigo kila siku. Zikiwekwa chini ya gari ambalo siku tano katika wiki ni tupu, hukataa kulegea, na nyuma ya gari hurukaruka juu ya mabati ya barabara ya murram. Gurudumu lililo hewani halina breki wala haliwezi kukata kona. Mwenye gari achague springi kwa kufikiri siku zake za kawaida, wala si ile siku moja ya mavuno. Zinunuliwe kwa seti, na zile za kulia na za kushoto zisibadilishwe mahali, maana mara nyingine hutofautiana. Kwa sababu hiyo kiwanda huzitia alama za rangi.

Pamoja na springi zinunuliwe shokomzoba, yaani zile pampu zenye mafuta zinazotuliza mchezo wa springi, zilizo ndefu kwa kadiri hiyo hiyo. Wengine huziacha za zamani ili kupunguza gharama. Hapo shokomzoba hufika mwisho wa urefu wake kabla springi haijajinyosha, ikagonga kila gurudumu linapoingia shimoni, na baada ya muda hukatika au kung'oa kishikizo chake.

Kazi ya gereji

Mtu asilale kamwe chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Chesisi ikae juu ya vigogo vya chuma vilivyo imara, na magurudumu yanayobaki chini yazuiwe kwa kabari. Ekseli nayo ishikwe na jeki ya pili, ili ishushwe polepole.

Nyuma ndiko kuliko rahisi. Shokomzoba hufunguliwa, ekseli hushushwa, kile kibati kinachoikamata springi kwa chini hufunguliwa bolti zake mbili, na springi hutoka. Mbele shokomzoba iko ndani ya springi yenyewe, na juu yake kuna mnara wa chuma uliofungwa kwa nati nne kwenye chesisi. Nati hizo, katika gari lililoishi pwani au lililovuka maji mengi, huwa zimeshikwa na kutu hata bolti zake hukatika. Fundi mwenye akili huzitia mafuta ya kulegeza kutu siku moja kabla, na huwa na pete mpya za bolti hizo mkononi kabla hajaanza. Springi mpya ikiwa ndefu hata isiingie, ibanwe kwa chombo chake maalumu. Kamba na waya si vyombo vya kazi hiyo. Springi iliyobanwa ikiponyoka yaweza kuua mtu.

Kila bolti inayopita katika bushi ya mpira ikazwe mara ya mwisho gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake. Ikikazwa gari likining'inia, bushi hubaki imejisokota siku zote, na hupasuka mapema.

Uma wa baiskeli

Sasa ndipo penye kiini cha habari yote, nalo ni jambo ambalo gereji nyingi hulipita kimya. Tazama uma wa mbele wa baiskeli: haukusimama wima, bali juu yake umelalia nyuma kidogo. Mwinamo huo ndio unaoifanya baiskeli kwenda mbele yenyewe hata mpandaji akiachia usukani kidogo. Magurudumu ya mbele ya Land Rover nayo yana mwinamo kama huo, kiasi cha nyuzi 3, ambao mafundi huuita kasta.

Ekseli ya mbele imeshikwa na mikono miwili ya chuma inayokwenda nyuma hadi kwenye chesisi. Chesisi inapoinuliwa, ncha za nyuma za mikono hiyo hupanda pamoja nayo, na ekseli yote huzunguka kuelekea mbele. Kwa kuinua sentimita 5, sehemu kubwa ya zile nyuzi 3 hupotea. Matopeni dereva hahisi kitu. Kwenye lami usukani huwa mwepesi na mtupu, haurudi wenyewe baada ya kona, na gari hutangatanga upande hadi upande, hasa lori kubwa linapopita na upepo wake.

Dawa iko. Kuna bushi zilizotobolewa kando ya katikati, na kuna mikono iliyotengenezwa kwa pembe mpya, na vyote viwili huirudisha ekseli nyuma. Lakini dawa hii ina bei yake. Ekseli inaporudi, shingo ya difu inayopokea shafti ya mbele huinama chini, wakati kisanduku cha gia kimepanda pamoja na chesisi. Viungo vya shafti hufanya kazi katika pembe kali zaidi, na gari hutetemeka. Kadiri gari linavyoinuliwa ndivyo mambo haya mawili yanavyovutana, na ndiyo sababu inchi mbili ni kipimo cha busara kwa gari la kila siku. Anayetaka inchi nne ajue kwamba atanunua pia shafti nyingine, na shida nyingine baada ya hiyo.

Kuna tena fimbo ya chuma inayokwenda mshazari mbele ya gari, iitwayo fimbo ya Panhard, ambayo huizuia ekseli isiende kando. Gari likipanda, fimbo hiyo huivuta ekseli milimita chache upande mmoja. Kwa inchi mbili wengi huiacha, na usukani hunyoshwa tu ukae sawa. Fimbo ya kurekebishwa urefu ni bora, kama mfuko unaruhusu.

Breki na kupinduka

Mipira ya breki inayotoka chesisi kwenda ekseli itazamwe wakati ekseli imening'inia kabisa. Ikiwa imevutika kama kamba ya kuanikia nguo, iwekwe mirefu. Mpira huo ukikatika porini, gari hufika mteremkoni halina breki za kutegemewa.

Juu ya kupinduka, hesabu ni fupi. Nafasi baina ya gurudumu la kushoto na la kulia ni karibu sentimita 149, nayo haiongezeki. Tuseme, kwa mfano wa hesabu tu, kiini cha uzito wa gari kilikuwa sentimita 80 juu ya ardhi na sasa ni 85: nguvu ya gari kukataa kupinduka imepungua kadiri ya sehemu 6 katika 100. Mtu akipakia magunia juu ya paa, hupungua zaidi. Dereva aliyezoea kona fulani kwa mwendo fulani hana budi kujifunza upya kona hiyo.

Kuna na mambo madogo. Taa za mbele zipangwe upya, la sivyo madereva wanaokuja hupofushwa usiku. Bibi mzee wa nyumbani atahitaji kidato cha kupandia. Kampuni ya bima iarifiwe kwa barua, na nakala itunzwe, kwa sababu ni afadhali swali liulizwe kabla ya ajali kuliko baada yake.

Baada ya kazi, gari lipelekwe kwenye barabara tupu na lijaribiwe polepole kwanza, kisha kwa mwendo wa kawaida, dereva akisikiliza mtetemo na akitazama kama usukani hurudi wenyewe. Baada ya kilomita mia chache nati zote zikazwe tena, na zile pembe nne zipimwe upya na kulinganishwa na hesabu ya kwanza, maana springi mpya hushuka kidogo zinapozoea mzigo. Zile za zamani, kama hazijavunjika, zitiwe alama ya mahali zilipotoka na kuwekwa ghalani, kwa kuwa atakayelinunua gari hilo huenda akataka kulirudisha chini.