Kufufua Datsun Kuukuu ya Mbio: Adui ni Kutu, si Injini

Wako watu ambao hawawezi kupita penye gari kuukuu la mbio lililolala chini ya mwembe bila kusimama. Hulizunguka mara mbili, huchungulia ndani kupitia kioo chenye vumbi, kisha humwuliza mwenyewe kwa sauti ya mtu asiyejali: "Hili unaliuza?" Mara nyingi swali hilo ndilo mwanzo wa furaha kubwa au wa hasara kubwa, na tofauti kati ya mambo hayo mawili haitokani na bahati. Inatokana na kujua kazi ipi ianze, ipi ifuate, na gari limeficha wapi ugonjwa wake. Leo basi tuzungumze juu ya kufufua gari la namna hiyo nyumbani, katika banda la uani, na mfano wetu uwe gari ambalo Afrika Mashariki inalijua kwa jina na kwa mlio: Datsun 240Z.

Gari hili lilitolewa Japani mwishoni mwa mwaka 1969, na mwaka uliofuata likaanza kuuzwa Marekani kwa dola 3,526. Kwa fedha hizo mnunuzi alipata injini ya silinda sita zilizopangwa mstari mmoja, yenye ujazo wa sentimita za ujazo 2,393, katika bodi nyepesi ya milango miwili yenye pua ndefu. Kwetu sisi lilijipatia sifa kwenye vumbi na matope. Mwaka 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda nalo mashindano ya East African Safari, na wa pili alikuwa Shekhar Mehta, naye akiwa na 240Z. Mwaka 1973 Mehta, mzaliwa wa Uganda aliyekuwa amehamia Kenya, alishinda yeye mwenyewe akiwa na Lofty Drews, baada ya kulingana pointi za adhabu na Harry Källström aliyeendesha Datsun ya aina nyingine. Kwa hiyo mtu anayelifufua gari hili anashika mkononi kipande cha historia yetu, ingawa wengi wa aina yake waliuzwa ng'ambo.

Sasa, ndugu msikilizaji, kosa la kwanza la wanunuzi ni kufungua boneti. Mtu anasikiliza injini. Ikiwaka anafurahi, isipowaka anapunguza bei. Lakini injini ni chuma kinene kinachofunguliwa kwa spana, na kilichochakaa ndani yake hubadilishwa. Isitoshe, ukoo wa injini hii ulikuwa mkubwa. Ndugu yake aitwaye L28 aliwekwa katika Nissan Patrol ya miaka ya themanini, na mafundi waliozitengeneza Patrol hizo wangali wapo. Kitu cha kuogopa katika 240Z ni bati lake. Gari hili halina chasisi ya peke yake kama lori. Bodi yenyewe ndiyo chasisi. Sakafu, vizingiti vya milango na nguzo za chini vikioza, gari zima limevunjika mgongo, hata kama rangi yake inang'aa.

Na kutu ni nini hasa? Ni chuma kinachoungana na oksijeni kwa msaada wa maji. Chumvi huyafanya maji yapitishe umeme kwa urahisi zaidi, nao ulaji huo ukaenda mbio. Ndiyo maana gari lililokaa Tanga, Mombasa au Unguja huliwa upesi kuliko lililokaa bara kwenye ukavu. Tena kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma ilichokila, kwa hiyo huvimba, huinua rangi na kupasua maungio. Ukiona kijipu kidogo kwenye rangi, jua kwamba chini yake kuna donda kubwa zaidi, kwa sababu mara nyingi uozo ulianzia upande wa ndani ukaja nje. Kikulacho ki nguoni mwako.

Katika 240Z donda hilo lina makazi yanayojulikana. La kwanza ni chini ya kisahani cha betri, ambapo asidi iliyodondoka miaka na miaka hula bati la juu kisha ikashuka hadi kwenye nguzo iliyo chini yake. La pili ni sakafu, kwa sababu maji yanayoingia chini ya kioo cha mbele hujificha chini ya zulia. La tatu ni vizingiti vya milango, ambavyo vina vitundu vya kutolea maji. Vikizibwa na matope, kizingiti kinakuwa mtungi. La nne ni kwenye pembe zilizo mbele ya matairi ya nyuma, na la tano ni shimo la tairi la akiba. Nenda na bisibisi na sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa. Kwa ruhusa ya mwenye gari, choma kwa bisibisi mahali unapopashuku, chini yake. Pitisha sumaku juu ya bodi: isiponata, pale pamejazwa pati, na bati limekwisha zamani. Kanuni ni hii: kati ya gari lenye injini nzuri na bodi mbovu, na lenye injini iliyokufa na bodi nzima, chukua la pili.

Umelinunua, umelivuta hadi nyumbani. Hapa ndipo linapokuja kosa la pili, nalo ndilo linaloua kazi nyingi kuliko kutu. Mtu, kwa shauku, anafungua kila kitu kwa siku mbili. Bolti zote anazitia katika debe moja. Baada ya miezi sita hakumbuki bolti ipi ilitoka wapi, fedha zimepungua, na gari limegeuka rundo la vyuma ambalo hakuna atakayelinunua. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Piga picha kabla ya kufungua. Kila kipande kitie katika mfuko wake, uandike jina na mahali kilipotoka. Waya funga karatasi kwenye ncha zote mbili. Usitupe kipande kibovu mpaka kipya kimefika na umevilinganisha, maana mara nyingi kipande kibovu ndicho kielelezo pekee utakachompa fundi wa kuchonga.

Kabla ya kuingia chini ya gari, sikiliza vizuri. Jeki ni chombo cha kuinulia gari. Kulishikilia si kazi yake. Ukishainua, weka stendi za chuma juu ya sakafu ngumu, zuia magurudumu yaliyobaki chini, ulitikise gari kabla ya kuingia. Tofali la saruji hupasuka ghafla bila kutoa onyo. Tangi la petroli litoe nje kabla ya mtu yeyote kuwasha mtambo wa kuchomelea. Wala usidhani tangi tupu ni salama: petroli ikiisha hubaki mvuke, na mvuke ukichanganyika na hewa ndio unaolipuka. Na ngoma za breki za zamani usizipulize kwa upepo, kwa kuwa viatu vya breki vya enzi zile vilikuwa na asbesto, na vumbi lake huharibu mapafu. Lifute kwa kitambaa chenye maji. Hakuna gari lenye thamani ya pafu moja.

Kazi ya bati ndiyo roho ya ufufuaji, na ndiyo inayohitaji subira. Kwa kuwa bodi ndiyo chasisi, ukikata kizingiti kilichooza bila tahadhari, gari hujikunja katikati na milango haitafunga tena. Kwa hiyo fundi mwangalifu huchomelea kwanza vyuma vya muda vinavyovuka tundu la mlango, huutegemeza mwili wa gari sehemu kadhaa, na hupima nafasi kati ya mlango na nguzo zake kabla na baada ya kila hatua. Hukata sehemu moja, akaiziba, ndipo akaenda nyingine. Uozo hukatwa mpaka lionekane bati safi, hata kama tundu litatisha. Kubandika kiraka juu ya kutu ni kuifunikia adui blanketi.

Kuchomelea nako kuna siri yake. Bati la gari hili halifiki unene wa milimita moja, na moto ukikaa mahali pamoja bati huvimba na kupinda. Basi mchomeleaji hupiga nukta moja hapa, nyingine kule mbali, huacha pakapoa, kisha hurudi kujaza katikati. Kabla ya hapo nyaya za betri na za altaneta huondolewa, kwani mkondo wa mtambo huo huweza kuiunguza altaneta. Baada ya kuchomelea, maungio hupakwa lakiri ya kuzuia maji, na ndani ya vizingiti hupulizwa nta. Pati ni ya kusawazisha mawimbi madogo tu. Na rangi za kisasa za kuchanganya na kigumishi zina kemikali iitwayo isosaianeti, ambayo humletea mtu pumu. Kitambaa cha puani hakitoshi. Kazi hiyo mpe mwenye chumba na vifaa vyake.

Tuje kwenye injini. Ikiwa imelala miaka mingi, usikimbilie ufunguo. Ondoa plagi sita, tia mafuta kidogo katika kila silinda, ziache zilowe siku mbili tatu, kisha zungusha injini kwa mkono, kwa spana iliyoshika bolti ya puli ya mbele. Ikizunguka, safisha tangi na mabomba, weka petroli mpya, badilisha mafuta, ndipo upime mgandamizo. Usitafute namba kubwa. Tafuta silinda sita zinazokaribiana. Silinda iliyo chini itie kijiko cha mafuta upime tena. Mgandamizo ukipanda, ringi za pistoni zimechakaa. Usipopanda, tazama valvu au gasketi ya silinda hedi.

Bloku ya injini hii ni ya chuma cha kusubu, na hedi yake ni ya aluminiamu. Metali hizo mbili hazitanuki sawa zikipata moto, kwa hiyo bolti za hedi hukazwa kidogo kidogo kwa awamu, kuanzia katikati kwenda pembeni. Ile desturi yetu ya kujaza radieta maji ya bomba matupu ndiyo iliyotoboa hedi nyingi, kwa sababu maji hayo huila aluminiamu. Tia dawa ya radieta. Nafasi za valvu, injini ikiwa baridi, ni milimita 0.20 kwa za kuingiza na 0.25 kwa za kutolea moshi. Mpangilio wa moto ni 1-5-3-6-2-4. Ukizichanganya nyaya za plagi, injini itapiga chafya kutwa.

Kabureta zake ni mbili, za Hitachi. Ndani ya kila moja mna pistoni inayopandishwa na mvuto wa hewa, nayo hubeba sindano inayofungua njia ya petroli kadiri injini inavyohitaji. Kuzilinganisha hakuhitaji kompyuta. Chukua kipande cha mpira wa maji, ncha moja sikioni, nyingine mdomoni mwa kabureta ya kwanza, usikilize mvumo. Nenda ya pili, urekebishe mpaka mivumo ifanane. Zile za modeli ya Marekani ya mwaka 1973, zilizobadilishwa kwa ajili ya sheria za moshi, huwasumbua watu, na wengi huzitoa wakarudisha za awali.

Breki usizifanyie hesabu ya ubahili. Mafuta ya breki hunyonya unyevu, na unyevu hula silinda ndogo za magurudumu kutoka ndani. Gari lililolala muongo mzima lipewe mipira mipya, mipaipu mipya na mafuta mapya kabla ya kwenda hata hatua mia moja.

Ndugu wasikilizaji, mtu atauliza faida iko wapi. Kwa hesabu ya fedha, yapo magari ambayo matengenezo yake hupita bei yake, na mwenye kutegemea mkopo asianze. Lakini iko faida nyingine. Tangu mwaka 2003 yamekuwapo mashindano ya Safari ya magari ya kale, na 240Z zimeonekana humo zikitimua vumbi kama zamani. Magari hayo hayakufika pale kwa miujiza. Yalifikishwa na watu wanaojua kusikiliza kabureta kwa mpira wa maji, na watu hao wanazeeka. Kijana wa leo akifungua boneti hukutana na kompyuta. Akilikuta gari kuukuu uani, na mzee wa kumwonyesha, hujifunza kwa macho na vidole jinsi moto, hewa na petroli vinavyofanya kazi. Basi wewe unayelitengeneza gari lako siku za Jumamosi, usijifungie peke yako bandani. Mwite kijana wa jirani akushikie taa, na ukichoka, mpe yeye spana.