Mgeni wa Dar Huhama Mara Mbili

Sensa ya mwaka 2022 iliwashangaza wengi wanaodhani wanaifahamu Dar es Salaam. Kati ya 2002 na 2012 idadi ya watu wa mkoa huu iliongezeka kwa asilimia 5.6 kwa mwaka. Katika miaka kumi iliyofuata kasi ikashuka hadi asilimia 2.1, chini ya wastani wa taifa wa asilimia 3.2. Ukiishia hapo utasema watu wameichoka Dar. Lakini tazama ng'ambo ya mpaka: Mkoa wa Pwani, uliokuwa na watu wapatao milioni 1.1 mwaka 2012, ulifikisha milioni 2 mwaka 2022. Jiji limejaa, likamwagikia Kibaha, Mkuranga, Kisarawe na Bagamoyo.

Kutokana na takwimu hizo, ni rahisi kudhani kuwa wageni kutoka mikoani siku hizi wanafikia moja kwa moja pembezoni. Kwa sehemu kubwa sivyo. Anayemwaga msingi Vikindu leo si yule aliyeshuka basi juzi. Huyu alishuka miaka kumi au kumi na mitano iliyopita, akapanga chumba Tandika, akaoa, akazaa, na sasa ndiyo kwanza anatoka. Mgeni wa Dar huhama mara mbili, na kila safari ina hesabu zake.

Safari ya kwanza huongozwa na mwenyeji. Kijana hachagui mtaa. Anafikia kwa shangazi, kwa kaka au kwa mtu wa kwao aliyetangulia, na alipo huyo ndipo anapotandikiwa godoro. Ndiyo maana barabara kuu zina historia ya watu wake. Mabasi ya Lindi na Mtwara yaliingilia Barabara ya Kilwa, na watu wa Kusini wakajaa Temeke na Mbagala. Waliotoka Moshi, Morogoro au Iringa waliingilia Barabara ya Morogoro, na wengi wakaanzia Manzese na Ubungo. Mwaka 2021 mabasi ya mikoani yalihamishwa kutoka Ubungo kwenda kituo kipya cha Mbezi Luis. Mahali pa kushukia palibadilika. Mahali pa kulala hapakubadilika, maana shangazi hakuhama na stendi.

Baada ya miezi ya kulala sebuleni kwa watu, mgeni hutafuta chumba chake, na mara nyingi atakipata katika nyumba ya Kiswahili. Ukiingia Tandale au Buguruni utaziona: korido katikati, vyumba vitatu kila upande, uani nyuma penye choo, bafu na majiko ya mkaa. Mwenye nyumba huenda anakaa chumba kimojawapo; vingine kapangisha, kila kimoja kwa familia au kwa vijana wawili wanaochangia kodi. Mita ya LUKU ni moja kwa wote, kwa hiyo mwenye friji huambiwa aongeze mchango, na aliyekuja na pasi ya umeme hutazamwa kwa jicho la pembeni. Dalali atachukua kodi ya mwezi mmoja kama ujira wake, na mwenye nyumba atataka miezi mitatu, sita au hata mwaka mzima kwa mkupuo.

Kwa nini mtu avumilie haya wakati Chanika kuna hewa na nafasi? Kwa sababu ya nauli. Kazi za mgeni ni za kutwa: kubeba mizigo Kariakoo, kuuza mitumba Ilala, kupara samaki Feri, kibarua katika viwanda vya Barabara ya Nyerere. Mama ntilie anayefuata mahitaji soko la Mabibo alfajiri hawezi kuanza siku yake kwa kuunga daladala mbili. Akipanga karibu, miguu yake ndiyo usafiri wake, na siku ambayo kazi haikupatikana hajapoteza chochote.

Hesabu hiyo ina nguvu kuliko hata woga wa maji. Mafuriko ya Desemba 2011 jijini yaliua watu zaidi ya 40, na Serikali ikawapa waathirika wa Bonde la Msimbazi viwanja Mabwepande, kaskazini mwa jiji. Walipata ardhi kavu, lakini ilikuwa mbali na riziki. Baadhi walirudi kupanga karibu na walikotoka. Wasiojua hesabu ya nauli waliwaita wakaidi.

Safari ya pili ni ya kutafuta kiwanja. Watoto wamekua, chumba kimebana, kodi inapanda, na mtu anataka mahali ambapo hataambiwa ahame. Fedha yake haitoshi kiwanja kilichopimwa. Mradi wa viwanja 20,000 ulioanza mwaka 2002, katika maeneo kama Bunju na Tuangoma, ulileta mitaa iliyonyooka, lakini wengi walioweza kulipa tayari walikuwa na uwezo. Mpangaji wetu huangukia shamba linalokatwa vipande: hatua 20 kwa 20, mashahidi wa pande mbili, na karatasi ya mauziano inayogongwa muhuri ofisi ya serikali ya mtaa. Muhuri huo si hati miliki, na wauzaji wawili wa kiwanja kimoja si hadithi ngeni.

Baadaye huja tofali, kidogo kidogo. Nyumba ikifika usawa wa linta na chumba kimoja kikapauliwa, familia huhamia kwenye pagale ili fedha ya kodi igeuke saruji. Maji yanaletwa na boza, nguzo ya umeme iko mbali, na kutoka barabarani hadi nyumbani ni bodaboda. Hivyo ndivyo zilivyojaa Kivule, Mbande, Goba na Kiluvya. Kila miundombinu mipya husogeza mstari: Daraja la Nyerere lilifungua Kigamboni mwaka 2016, mwaka uleule mabasi ya mwendokasi yalipoanza kwenda Kimara. Reli ya SGR, iliyoanza kubeba abiria mwaka 2024, ina stesheni Pugu, Soga na Ruvu, na madalali wa viwanja nao wanajua kusoma ramani.

Kuna jambo moja linalokamilisha mzunguko. Aliyehamia pembezoni akimaliza nyumba yake, huanza kujenga vyumba vya uani vya kupangisha. Mpwa akija kutoka kijijini, hafikii tena Manzese. Anafikia kwa mjomba. Mbagala na Gongo la Mboto zilikuwa mwisho wa jiji, leo ni mapokezi yake. Pembezoni ya leo inajipanga kupokea wageni wa kesho, na haina barabara za kuwapitisha.

Mipango yetu imekuwa ikifika baada ya watu. Katika miaka ya 1970 nchi iliwahi kujaribu njia mbili kwa pamoja: Sinza na Kijitonyama zilipimwa viwanja na kuwekewa huduma kabla ya ujenzi, huku Manzese ikiboreshwa pale pale ilipo bila kuvunjwa. Mantiki ile bado inafaa. Ndani ya jiji, vyumba vya bei nafuu karibu na masoko vilindwe na kupewa maji na mitaro, kwani ndimo nguvu kazi inamolala. Nje, njia zichorwe na maeneo ya shule na zahanati yatengwe kabla mashamba hayajakatwa.

Hilo la pili linagongana na mpaka wa mikoa. Mamlaka ya maji, DAWASA, inahudumia Dar pamoja na Kibaha, Bagamoyo, Kisarawe na Mkuranga, maana bomba linafuata watu. Upangaji wa ardhi bado umebaki kwa kila halmashauri na ramani yake. Wapangaji wa Tandika wa mwaka huu ndio wajenzi wa Mkuranga wa mwaka 2035. Gharama ya kuwachorea barabara sasa ni kazi ya mpimaji na vigingi. Wakishajenga, itakuwa ni fidia na tingatinga.