Tone la Jicho Linapobana Kifua

Mzee wa Ngerengere anayepanda treni kwenda Morogoro mjini kutibiwa presha ya macho hatarajii kuulizwa habari za kifua. Wengi wetu tunadhani jicho lina daktari wake na pumu ina wake, na hapo ndipo hatari inapojificha. Timolol, dawa ya matone inayotumika sana kushusha presha ya macho, ni ya jamii moja na propranolol ya moyo. Nashikilia kwamba dawa yoyote ya jamii hiyo isitolewe, iwe hospitalini au dukani, kabla mgonjwa hajaulizwa kama ana pumu au amewahi kuwa nayo.

Sababu ni hii: adrenalini huuchochea moyo hasa kupitia vipokezi vya beta-1, ukapiga mbio. Kwenye mirija ya hewa hupitia vya beta-2, ikalegea na kupanuka. James Black na wenzake walipotengeneza propranolol mwanzoni mwa miaka ya 1960, nia ilikuwa kuupumzisha moyo wenye maumivu, lakini dawa hiyo haichagui: huziba vipokezi vyote viwili. Mwenye mapafu mazima kwa kawaida hahisi kitu. Mwenye pumu hubanwa, na ubaya zaidi ni kwamba pampu yake ya salbutamol, ambayo kazi yake ni kuamsha vipokezi hivyohivyo vya beta-2, inakuta mlango umefungwa. Anavuta, anarudia, nafuu haiji.

Wapo watakaosema tone ni dogo mno. Kweli, tone la timolol ya asilimia 0.5 lina takriban robo miligramu tu. Lakini kidonge cha propranolol kikimezwa hupita kwanza kwenye ini, ambako sehemu kubwa huvunjwa. Tone huteremka kwa mfereji wa machozi hadi puani na kuingia kwenye damu bila kupita huko. Wenye pumu wamekufa kwa matone haya. Kubonyeza kona ya ndani ya jicho kwa dakika mbili hupunguza kiasi kinachopita, ila mwenye pumu asitegemee hilo. Aulizie dawa nyingine, kama latanoprost.

Pingamizi zito ni la wagonjwa wa moyo, ambao dawa za jamii ya propranolol huwaongezea uhai. Bisoprolol na atenolol huelemea beta-1, na uchambuzi wa majaribio uliochapishwa mwaka 2002 ulionyesha kwamba kwa wenye pumu isiyo kali, dozi ya kwanza ya aina hiyo ilipunguza nguvu ya pumzi kwa kama asilimia 7, na pampu ikaendelea kusaidia. Basi daktari ana haki ya kupima faida na hatari, kwa dozi ndogo na uangalizi. Hoja hiyo haimhusu mwenye shinikizo la juu la damu tu, anayeweza kupewa amlodipine. Anayemeza tayari dawa za jamii ya propranolol kwa ajili ya moyo asiziache ghafla, maana moyo unaweza kushtuka vibaya. Akibanwa akimbilie kituo cha afya na pakiti mkononi. Mengi ya majina ya dawa hizi huishia na «lol», na mhudumu akiyaona atajua kwamba huenda salbutamol peke yake isitoshe.