Adui wa Sinema na Adui wa Kweli

Kila mpenzi wa sinema anajua kwamba stelingi hafi, na kwamba adui lazima ajulikane mapema. Kwa picha za bei nafuu jambo hilo ni la fedha. Mtengenezaji hana muda wa kueleza kwa nini mtu fulani ni mbaya, kwa hiyo humwajiri yule ambaye watazamaji wamekwisha kumzoea kwa ubaya. Waitaliano walipokuwa wakitoa picha za kauboi miaka ya sitini, Mhispania Fernando Sancho aliitwa kila mara kuwa mkuu wa majambazi wa Kimeksiko. Akitokea tu na tumbo lake na masharubu yake, ukumbi mzima unajua nani atakula risasi.

Huku kwetu yalimpata Mkenya Joseph Olita. Alikuwa na mwili mkubwa na sura ya kufanana na Idi Amin, basi akapewa nafasi ya Amin katika picha ya Sharad Patel, Rise and Fall of Idi Amin, iliyopigwa Kenya na kutoka mwaka 1981. Amin mwenyewe alikuwa amekimbia Kampala miaka miwili tu nyuma. Kwa maoni yangu Olita aliigiza vizuri, hasa kile kicheko kinachogeuka ghadhabu bila taarifa. Lakini picha yenyewe iliuza hofu: vichwa vya watu ndani ya friji, Amin akila nyama ya mtu.

Hapo ndipo penye ugomvi wangu nayo. Adui akishafanywa zimwi, watu hushtuka, hucheka, kisha huenda kulala. Hawaulizi nani alimsaidia. Amin wa kweli alitwaa serikali Januari 1971 kwa nguvu ya jeshi, na Uingereza ikamtambua upesi. Aliua kwa kutumia idara yenye ofisi, makarani na magari, pale Nakasero.

Sisi wa Tabora jambo hili linatugusa. Kigwa, kituo walichopita wapagazi wa misafara kutoka Bagamoyo kabla ya kuingia Unyanyembe, ndiko walikowekwa wapiganaji wa Milton Obote baada ya uvamizi wao wa Septemba 1972 kushindwa. Walilima tumbaku humo mpaka vita vya Kagera vilipowaita tena. Miaka kama sita ya jembe na kungoja. Hiyo haina cha kuuza kwenye bango la sinema.

Na Olita? Mira Nair alipotengeneza Mississippi Masala ya mwaka 1991, kuhusu familia ya Kihindi iliyofukuzwa Uganda, alihitaji Amin, akamwita yule yule. Mmarekani Forest Whitaker alimwigiza Amin katika The Last King of Scotland ya 2006, akapata tuzo ya Oscar, akaendelea na nafasi za kila aina. Olita alifariki Kenya mwaka 2014, na taarifa za msiba zilimtaja kama Idi Amin wa sinema.