Mita za kisahani zinaanzia miguuni

Msimu wa UMISSETA, mashindano ya michezo ya shule za sekondari Tanzania, ukikaribia, kuanzia Kabanga na Rulenge wilayani Ngara hadi Nyakahura na Lusahunga, wanafunzi wanaojaribu kurusha kisahani huwauliza walimu wao wa michezo swali lilelile: nirushe mita ngapi ndipo nihesabiwe kuwa najua? Mwanafunzi wa kidato cha pili ameshaona kwenye simu mtu akivuka mita 70. Akija uwanjani chake kinatua kwenye 22, anaondoka akiamini hana mkono. Mkono anao. Anachokosa ni kipimo cha haki cha kujilinganisha, na mtu wa kumwonyesha mita zilizobaki ziko wapi.

Tuzitazame kwanza hizo za kwenye simu. Rekodi ya dunia ya wanaume ni mita 75.56, aliyoiweka Mykolas Alekna wa Lithuania Aprili 2025 huko Ramona, Oklahoma, nchini Marekani. Mwaka mmoja kabla, mwanariadha huyohuyo, kwenye uwanja uleule, ndiye aliyeifuta rekodi ya Jürgen Schult wa Ujerumani Mashariki, mita 74.08, iliyokuwa imekaa tangu 1986. Piga hesabu: karibu miaka 40 ya mazoezi ya dunia nzima imeongeza mita moja na nusu. Na huyu ni kijana ambaye baba yake, Virgilijus, alitwaa dhahabu ya Olimpiki kwenye kisahani mwaka 2000 na 2004. Kumpima mtoto wa Ngara anayefanya mazoezi siku mbili kwa wiki kwa futi hiyo ni kumwonea.

Hata katika mchezo jirani, gofu ya visahani, ambapo watu hurusha visahani vya plastiki kuelekea kikapu cha minyororo, pengo kati ya rekodi na maisha ya kawaida ni kubwa. David Wiggins Jr. alirusha mita 338 mwaka 2016 katika jangwa la Nevada, upepo mkali ukimsukuma kwa nyuma. Wachezaji wa kulipwa, siku ya kawaida ya mashindano, hufika mita 120 hadi 150. Anayeanza hushukuru akipata 60. Na kisahani hicho hakiruhusiwi kuzidi gramu 200, wakati mwanamume kwenye riadha anabeba kilo 2.

Sasa tuje kwetu. Mvulana wa sekondari anayeshika kisahani cha kilo 1.5 kwa mara ya kwanza, akirusha mita 20 hadi 25 yuko mahali pake kabisa. Baada ya muhula mmoja wa mazoezi ya kweli, 30 inafikika. Akivuka 35, mwalimu amwangalie kwa jicho la pekee. Msichana mwenye kisahani cha kilo 1 aanze na 15 hadi 20 bila wasiwasi. 25 ni kazi nzuri, na 30 ni kipaji kinachostahili nauli ya kwenda ngazi ya mkoa. Hayo ni makadirio yangu ya uwanjani, si sheria ya mtu, lakini nayasimamia, kwa sababu nimeona jinsi lengo linalofikika linavyombakiza mtoto kwenye mazoezi.

Namba hizi zina sababu yake. Umbali wa kitu kilichorushwa hutegemea zaidi kasi kinayotoka nayo mkononi, na hutegemea mraba wa kasi hiyo. Ukiongeza kasi kwa asilimia 10, umbali unaongezeka kwa asilimia 21. Kisahani kikiondoka kwa mita 15 kwa sekunde katika pembe ya nyuzi 36 hivi, kitatua karibu na mita 24. Kikiondoka kwa mita 20 kwa sekunde, kitafika 40. Mabingwa wa dunia huachia kwa mita 25 hivi kwa sekunde. Tofauti ya kasi kati ya mtoto wetu na bingwa, basi, si kubwa kama futi inavyotutisha, na ndiyo maana kila kasoro ndogo inayorekebishwa hulipa kuliko mtu anavyotarajia.

Kasi hiyo haitoki mkononi. Hapa ndipo mazoezi mengi ya shule hupotea, kwa kuwa mtoto huambiwa "rusha kwa nguvu", naye anavuta kwa bega. Mtazame anayejua, tuseme anatumia mkono wa kulia, akiwa amesimama bila kuzunguka. Mguu wa kulia uko nyuma, goti limekunjwa, na uzito wote umekaa juu yake. Kifua kimeelekea nyuma. Kisahani kiko mbali, nyuma ya nyonga, mkono umenyooka. Kinachoanza kusogea ni unyayo wa kulia: unajizungusha kwa vidole, kisigino kikitoka nje. Goti linafuata, nyonga inafuata, na kwa kitambo kidogo sana nyonga inatazama uwanja huku kisahani bado kiko nyuma. Misuli ya tumbo na kifua inavutika. Mguu wa kushoto ulioko mbele unakaza ghafla kama nguzo, upande wa kushoto wa mwili unasimama, na kasi yote iliyokusanywa chini inahamia upande wa kulia. Mkono unafika mwisho, ukiwa bado mrefu. Ukikunja kiwiko umefupisha duara, na kasi inapungua papo hapo.

Vidole navyo vina kazi yake. Kisahani hakikamatwi kama sahani ya chakula. Hukaa kwenye pingili za mwisho za vidole vinne vilivyotawanyika, kidole gumba kikipumzika juu ya uso wake. Kasi ya mzunguko ndiyo inayokibana kisianguke. Kinapoondoka, kidole cha mwisho kukigusa ni cha shahada, na ndicho kinachokipa mzunguko wa kwenda na saa ukikitazama kwa juu. Bila mzunguko huo kisahani hupepesuka hewani na kuanguka kama jiwe, hata kama miguu imefanya kazi yote. Zoezi lake halihitaji uwanja: mtoto apige goti moja, aning'inize mkono, akiachie kisahani kibingirike ardhini mbele yake kupitia kidole cha shahada. Kikienda wima na kunyooka, vidole vimeelewa. Kikilala upande baada ya hatua tatu, arudie. Ningependa kila mwalimu wa michezo aanze kipindi cha kisahani kwa zoezi hili kabla mtu yeyote hajarusha.

Kuna mita nyingine ambazo hazikuwahi kuwepo. Zinatokana na vipimo. Shule isiyo na futi kamba hupima kwa hatua, na hatua ya mtu mzima mara nyingi ni sentimita 80 tu. "Mita 30" za hatua ni 24 za kweli. Mtoto anafika ngazi ya wilaya na sifa ya 30, anapimwa kwa futi, anavunjika moyo mbele ya watu. Kupima kwenyewe ni rahisi: futi inaanza kwenye alama ya karibu zaidi iliyoachwa na kisahani kilipotua, inanyooshwa hadi katikati ya duara, na namba inasomwa kwenye ukingo wa ndani wa duara. Duara lina kipenyo cha mita 2.50. Mistari miwili ya eneo la kutua haihitaji kifaa cha pembe: nenda mita 20 kutoka katikati ya duara, weka vigingi viwili vilivyoachana mita 12, vuta kamba, mwaga chokaa au majivu. Umepata nyuzi 34.92 zinazotakiwa.

Uzito nao upimwe. Kisahani kilichotengenezwa na seremala kwa mbao, na fundi wa kuchomelea akakivisha pete ya chuma, kinafaa sana kwa mazoezi ikiwa pete imekazwa barabara. Ila kipeleke kwenye mizani ya duka la maharage kabla ya kukiamini. Kikiwa na kilo 1.3 badala ya 1.5, kinampa mtoto mita za bure atakazonyang'anywa kwenye mashindano.

Upepo ndio somo ninalolipenda kuliko yote. Uwanja wa Ramona ulichaguliwa kwa ajili ya upepo wake, na tofauti na mbio fupi au kuruka chini, kwenye mitupo upepo haupimwi ili kukubali rekodi. Kisahani cha riadha hupenda upepo wa mbele, hasa unaotoka mbele kulia kwa anayetumia mkono wa kulia. Unakiinua kama bawa, mradi pua yake isielekee juu. Upepo wa nyuma unakikandamiza chini. Miezi ya Juni na Julai, kiangazi kikiwa kimeshika kwenye vilima vya Ngara, upepo si haba. Kwa hiyo kabla ya kuchora duara, rusha majani makavu juu uone yanakoelekea, kisha geuza uwanja uupokee upepo. Hili lina uzito zaidi kwetu kwa sababu ya kimo. Kwenye miinuko inayofika mita 1,800 hivi juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi kwa karibu moja ya sita kuliko ya pwani, na hewa nyepesi hukibeba kisahani kidogo. Mtoto wa Ngara anayerusha 33 nyumbani anaweza kuongeza kidogo akishuka Mtwara.

Mitupo si migeni kwetu. Nchi hii ilishawahi kuwa na mrusha mkuki, Zakayo Malekwa, aliyeshiriki Olimpiki tatu mfululizo, 1980, 1984 na 1988. Jirani zetu Wakenya wana Julius Yego, aliyejifunza sehemu kubwa ya ufundi wake kwa kutazama video za mtandaoni, kisha akawa bingwa wa dunia Beijing mwaka 2015 kwa mita 92.72. Simu ileile inayomkatisha tamaa mtoto wa kidato cha pili inaweza kumfundisha, akiambiwa atazame miguu ya mrushaji badala ya kufuata kisahani.

Kuhusu kuzunguka mara moja na nusu ndani ya duara, ushauri wangu kwa shule zetu ni kusubiri. Mtoto ambaye hajatulia kwenye mtupo wa kusimama hapati chochote kwa kuzunguka. Mara nyingi anapoteza. Kisha kuna hatari. Kwa anayetumia mkono wa kulia, kisahani kikiachiwa mapema kinakwenda kulia, kikichelewa kinakwenda kushoto, na anayezunguka anaweza kukipeleka hata nyuma, walikokaa wenzake. Shule isiyo na wavu kuzunguka duara ibaki na mtupo wa kusimama. Wanaosubiri zamu wasimame mbali nyuma ya mrushaji, na visahani vyote virushwe kwanza, ndipo watu waende kuviokota pamoja.