Je, Wajua? Anjera ya Mkimbizi

Je, wajua kwamba chapati unayonunua jioni Daraja Mbili, Arusha, ilikuja na wageni kutoka Bara Hindi? Mtoto anayengoja ya moto kwa mama lishe haulizi asili yake.

Anjera, mkate laini wa Kisomali, nayo iko kwenye njia hiyohiyo. Serikali ya Siad Barre ilipoanguka Somalia mwaka 1991, wakimbizi wengi wa Kisomali walifika Nairobi, mtaa wa Eastleigh. Mpishi humimina uji wa unga uliochachuka kwenye kikaango, akiuzungusha kutoka katikati kwenda pembeni, kisha hufunika. Hageuzi. Mteja asiye Msomali huanza kwa kuuliza chakula hiki kinaitwaje. Akirudi kesho, tayari wanasalimiana.

Kwetu Tanzania, sheria ya mwaka 1998 huwataka wakimbizi wakae kambini, na wakitaka kutoka lazima wapate kibali. Hapo tunapoteza wapishi wengi. Hata hivyo, mwaka 2014 Tanzania ilianza kutoa vyeti vya uraia kwa watu wapatao 162,000: Warundi waliokimbia mauaji ya 1972, pamoja na watoto wao. Hao wanaweza kuweka jiko popote, na mimi natamani sana kula maharage yao ya mawese hapahapa Daraja Mbili.